Mkate wa Meza Mbili

Kabula mwanangu,

Umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na mimi nimebaki na hii karatasi pamoja na maandazi yako ya safari yanayopoa kwenye ungo. Sauti zenu nazisikia mpaka hapa jikoni. Mnaimba, mnacheka, halafu mnanyamaza kidogo, na hapo nadhani kuna mtu analia. Kama ni wewe, lia tu. Mimi nalia huku huku kwa zamu yangu, na moshi unanisaidia kusingizia.

Sikuandikii habari za kunywa maji yaliyochemshwa, wala za kuvaa sweta kwa ajili ya baridi ya Ufipa. Hayo nimeyasema mpaka jana ukaniambia, kwa upole wako, "Mama, nimesikia." Begi lako nimelipanga mwenyewe na chandarua kimo. Ninachotaka kukuandikia ni habari ya Jumapili. Tangu Jumapili tunakwepana humu ndani kama kuku wageni, na kesho basi likipiga honi hakuna la maana tutakaloweza kuambiana. Tena kwa mdomo mimi ni mkali, unanijua. Kwa kalamu angalau nafuta.

Jumapili ilikuwa Meza ya Bwana kanisani kwetu. Uliamka ukanichekechea unga, ukapuliza mkaa, ukanibebea kikapu cha mkate mpaka kanisani kama ulivyokuwa ukifanya tangu uko darasa la tatu. Nilijua umeshapokelewa kwenye Ukatoliki huko shuleni kwa masista. Nilijua unakoenda kesho ni kwa masista hao hao, kuanza safari ya utawa. Lakini moyoni nilijiambia: hii ni Jumapili yake ya mwisho nyumbani, leo atakula na mimi. Sikukuuliza. Nilijiambia tu, halafu nikaanza kuamini.

Sahani ilipofika kwenye benchi letu uliipokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote, ukampa mama Mhoja aliyekaa upande wako wa pili. Hukumega. Kikombe nacho kikapita hivyo hivyo. Mimi kipande changu nilibaki nimekishika mpaka kikalowa jasho, na nilipokiweka mdomoni watu walikuwa wameshaanza wimbo wa kufunga.

Kabula, ile sheria ya Wakatoliki ya kutokula kwenye meza ya kanisa jingine naijua. Nilizaliwa ndani yake kabla yako. Najua hukudharau, na najua kama ungekula ungekuwa umenidanganya mimi na kuwadanganya wao. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kuona mkono wa mwanao unaupitisha mkate ulioukanda wewe ni kitu kingine. Niliumia. Naandika hivyo hivyo bila kupamba.

Jioni ukapika wali na samaki wa Rukwa, wale ninaowapenda, na ukaweka limao. Nikasema nimeshiba. Ulijua sijashiba, maana tangu asubuhi sikuwa nimeweka kitu tumboni zaidi ya kile kipande. Ndipo ukaniuliza, sufuria iko katikati yetu, "Mama, siku yangu ya nadhiri utakuja?" Nikanyanyuka nikasema naenda kufunga banda la mbuzi. Banda lilikuwa limefungwa, wewe mwenyewe ndiye uliyelifunga, na bado hukunifuata wala hukunisuta. Swali hilo ndilo ninalolijibu hapa. Siku yenyewe bado ni miaka, najua, ila jibu langu lina njia ndefu na nisipolianza leo sitalianza tena.

Mimi ni mtoto wa kigango, kanisa dogo la Wakatoliki lisilo na padri wake. Bibi yako Paulina alikuwa anafua vitambaa vya altare, anavianika peke yake mbali na nguo zetu, na sisi watoto tulikuwa haturuhusiwi hata kukimbia karibu na ile kamba. Padri alikuwa anakuja kwa pikipiki, mara moja moja, na hosti zake kwenye kikopo. Kwetu sisi mkate wa altareni haukuwa umepikwa na mtu. Ulikuja tu, mweupe, mwembamba, mviringo, na tulifundishwa kwamba hata chembe yake ikidondoka ni Bwana mzima amedondoka. Nilipopokea komunyo ya kwanza nilifunga mdomo kutwa nzima kwa kuogopa kupumua vibaya. Mama yangu akacheka mpaka akakaa chini.

Halafu akaja baba yako. Ukoo wao wa Kisukuma ulikuwa umehamia na ng'ombe kutoka kaskazini, wakajenga kule juu, na sisi Wapimbwe wa bondeni tulikuwa tunawaangalia kwa jicho la pembeni kwa sababu ya mpunga wetu na kwato zao. Yeye alikuwa anapita na maziwa. Watu walisema amenichukua. Hakunichukua mtu, nilienda kwa miguu yangu, tena nikiharakisha. Tukafunga ndoa kwenye kanisa lao. Padri akaniita, akanieleza bila ukali kwamba ndoa isipowekwa sawa kwao sitaweza kupokea komunyo. Baba yako hakutaka kusikia habari za kwenda mbele ya padri, na mimi nilikuwa nimependa, wacha bwana. Nikasema Mungu ni mmoja. Na kweli ni mmoja. Ila sikuwahi kufikiri kwamba meza zitakuwa mbili na nitatakiwa kuchagua moja maisha yangu yote.

Kule ukweni hawakunipa hata muda wa kuomboleza. Bibi yako mzaa baba akasema, "Huyu Mpimbwe anajua maandazi, apewe mkate wa Meza." Basi nikapewa. Kabla yangu walikuwa wanaagiza mkate wa dukani kutoka Mpanda, na unafika umeota ukungu. Wazee wa kanisa wakakaa kuchagua. Mmoja akapendekeza biskuti, mwenzake akamuuliza kama anataka waumini wamle Bwana pamoja na jina la kiwanda. Mwingine akasema chapati, bibi yako akakataa, chapati ina mafuta na vidole vyenye mafuta vitashika kikombe. Mchungaji alitaka mambo mawili tu: uwe wa ngano ikipatikana, na uwe mkate mmoja unaomegwa mbele ya watu wote. Mengine akaniachia mimi. Fikiria, mtu aliyekuwa haruhusiwi kukimbia karibu na kamba ya vitambaa, sasa anaambiwa aamue mwenyewe.

Mkate wa kwanza niliukausha makusudi ili usidondoshe hata chembe. Usiku kucha nilikuwa naota chembe. Ukatoka mgumu kama kigae, mchungaji akaushika huku na huku kuumega, ukagoma, mwishowe akauvunjia kwenye kona ya meza. Mzee Masanja, aliyekuwa amebakiwa na meno ya kuhesabika, kipande chake alikaa nacho shavuni mpaka baraka ya mwisho, na nje ya kanisa akaniambia kwa heshima kwamba leo amekaa na Bwana kuliko siku zote. Wa pili nikauogopa ugumu, nikaweka hamira na sukari. Watoto wakapanga foleni mara mbili. Bibi yako akaniuliza kama ile ilikuwa harusi ya nani.

Na kikombe nacho kilikuwa na vituko vyake. Wazee walikataa divai yenye kilevi, kwa sababu wengi wao walikuwa wametoka kwenye pombe na walijua njia ya kurudi ilivyo fupi. Mzee Masanja akatumwa Mpanda atafute kitu chekundu kisicholevya. Akarudi na chupa ya sharubati nzito ya dukani, ile ya kuchanganya na maji, na hakuna aliyemwambia habari za kuchanganya. Tulikunywa hivyo hivyo. Midomo ilitugandana, na mpaka kesho yake kisimani ulikuwa unamjua mshirika wa kanisa letu kwa ulimi wake. Ndipo nikasema jamani, mimi nyuma ya nyumba nina rozela. Nikaichemsha bila sukari, ikapoa, ikaonjwa na wazee wote kwa zamu wamekunja sura, na mpaka leo ndiyo hiyo unayoijua, uliyokuwa unanisaidia kuchambua huku unatafuna yale maganda yake mekundu kwa siri.

Mkate nao ukatulia: ngano, maji ya uvuguvugu, chumvi kidogo, mafuta tone, hamira hakuna, moto chini na makaa juu ya kifuniko. Nimeupika miaka yote hii na sijachoka nao. Ila kuna kitu hukukisahau, na mimi nilifikiri umekisahau. Baada ya kuuweka mkate kikapuni nilikuwa nafuta ubao kwa kiganja, nakusanya chembe zote, nageukia ukutani, nazila. Siku moja ukaniuliza kwa nini. Nikakwambia ni chakula, hakitupwi. Ukasema, "Mbona makombo ya ugali unawapa kuku?" Nikakutuma maji.

Ulipokuja likizo ukaniambia unataka kupokelewa kwa Wakatoliki, nilikubali kwa mdomo nikijua ni upepo wa shule utapita. Ulipokuja na habari za utawa, niliwakasirikia masista wako moyoni mpaka nikawa siwezi kuwaombea. Nilisema wamenichukulia mtoto. Ndugu zangu wa kanisa letu wakanisaidia kukasirika. Lakini mwaka huu, nikiwa nafuta ule ubao, nilijiona nimegeukia ukutani, na nikajua. Hakuna sista aliyekuchukua. Ulianza hapa jikoni kwangu, kwa yale nisiyokufundisha.

Sasa nikwambie habari ya kususa, maana hiyo ndiyo nimeirithi na sitaki uende nayo.

Krismasi ya kwanza baada ya ndoa yangu nilikwenda kigangoni na mama. Padri alikuwepo, kanisa limejaa mpaka nje. Ulipofika wakati wa komunyo mama akasimama, akaniangalia kidogo, akaenda. Nikabaki kwenye benchi, watu wananipita magotini. Akarudi, akapiga magoti, akafunika uso kwa viganja akawa anasali. Mimi nikaona kama mtu ameingia ndani kula akanifungia mlango. Hakuwa amefunga mlango wowote, mlango nilikuwa nimetokea mwenyewe, lakini nani anafikiri hivyo akiwa na uchungu? Nyumbani kulikuwa na pilau, akanipakulia sahani yangu ya zamani ile ya maua. Nikasema nimeshiba. Nikavaa kandambili nikaondoka.

Pasaka sikwenda. Krismasi nyingine sikwenda. Hatukugombana hata siku moja, Kabula, na hilo ndilo baya. Ugomvi unapatanishwa. Mimi kila mara nilikuwa na sababu nzuri: mpunga, mtoto, mvua, baba yako anaumwa mgongo. Wanasema ukisusa wenzio wanakula. Mimi nimeona kwamba si kila mara wanakula. Kuna wanaobaki wanakuangalia sahani yako mpaka inapoa.

Mwaka ule wa mafuriko, wewe ukiwa bado wa mgongoni, barabara ilikatika na ngano haikupatikana dukani hata punje. Meza ya Bwana ikakaribia. Nikaenda kwa mchungaji nikamwambia, tuna mchele, na bonde zima ni mchele. Kesho yake akaja akasema pika. Nikaloweka, nikatwanga, nikachekecha, ukatoka mkate mweupe unaonukia nyumba nzima. Mchungaji aliuinua akasema Bwana alichukua kilichokuwa mezani siku ile, na akaumega. Watu walilia. Mimi nililia kuliko wote, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza naona mpunga wa kwetu, wa mikono ya mama yangu, uko mahali pale.

Kigangoni kwa mama padri alishindwa kuvuka. Hosti hakuna, Misa hakuna, wakasali na katekista wakarudi nyumbani. Na mimi nikafanya nini? Kwenye unga ule ule nilikuwa nimepika mkate mwingine mdogo. Nikakata kipande, nikakifunga kwenye kitambaa safi, nikampa mama mmoja aliyekuwa anashuka sokoni ampelekee mama yangu, na ujumbe juu yake: "Mwambie sisi huku tumekula."

Ulikuwa mkate mzuri, lakini nilikuwa nimemtumia kofi. Yule mama akarudi akaniambia bibi yako ameufungua, ameunusa, ameufunga tena, ameuweka kabatini. Na akasema, "Mwambie nimeuona. Aje tule." Mimi nikasikia kwamba hakuula. Hicho tu. Nikazunguka nacho miaka, hakuula mkate wangu, hakuula mkate wangu. Lile neno la pili sikulisikia kabisa, na lilikuwa limesemwa kwa sauti.

Mama yangu alipokufa ndipo nikaingia tena kwenye lile kanisa. Misa ya mazishi, ndugu zangu wote wakasimama wakaenda kupokea, nikabaki na wewe. Ulikuwa na gauni la bluu, miguu haifiki chini. Ukaninong'oneza, "Mama, sisi hatuli?" Nikakwambia sisi tumeshakula. Hatukuwa tumekula kitu, wala huko wala popote. Nilitoka pale nikasema sitakaa tena kwenye benchi ambalo watu wananivuka kwenda mezani. Nimeshika neno hilo mpaka wewe umekuwa mtu mzima.

Kwa hiyo uliponiuliza juu ya nadhiri zako, hicho ndicho nilichokiona. Kanisa kubwa huko Ufipa, maaskofu na mapadri, wewe mbele umevaa nyeupe, na wakati ukifika wote wanasimama na wewe unatangulia, na mimi nabaki nimekaa siku ya mwanangu kama mtu aliyekosea sherehe. Nikaona bora nisiende. Nikaona nitasema naumwa. Nilikuwa nimeshachagua hata ugonjwa wenyewe, kwamba ni mgongo.

Leo asubuhi nilikuaga naenda bondeni kuangalia mpunga. Nilibeba na jembe ili uamini. Sikwenda bondeni. Siku hizi padri anakaa karibu na Misa za asubuhi zipo, nikaegesha jembe ukutani nje, nikaingia, nikakaa nyuma karibu na mlango. Nilitaka kujua kama naweza. Sikutaka kukuahidi kitu halafu siku hiyo nishindwe njiani.

Ilipofika komunyo uchungu ulinirudia vile vile kama zamani, nakwambia ukweli. Watu wakasimama. Nikakaza macho kwenye sakafu. Nikasubiri waishe. Halafu sijui nini kilinifanya nikainua kichwa, na nikaona kwamba kanisa halijabaki tupu. Kulikuwa na kijana mmoja wa bodaboda amekaa, kofia yake ngumu iko mapajani. Kulikuwa na mke wa pili wa mfugaji mmoja wa kule kwetu juu, ananyonyesha. Kulikuwa na mzee mzima, Mkatoliki tangu enzi, ambaye mimi siku zote nilidhani yeye ndiye wa kwanza kupokea. Kila mmoja anaangalia chini, hakuna anayemwangalia mwenzake. Miaka yote ile nilidhani nimeachwa peke yangu mle ndani. Kumbe sikuwahi kugeuka.

Sikupata furaha, usifikiri hivyo. Upweke ulikuwa pale pale. Ila ulikuwa na watu.

Kuna bibi mmoja, Skolastika, unamwona sokoni anauza karanga. Yeye na mama yangu walikuwa wanafua vile vitambaa pamoja. Akatoka kupokea, akaipita nafasi yake, akaja mpaka nyuma akakaa ubavuni kwangu, akasali zake bila kunisalimia. Baada ya Misa ndipo akanigeukia. Hakuuliza habari za nyumbani.

"Umechelewa," akasema.

Nikamwambia sikujua kama nilikuwa nasubiriwa.

"Paulina kila Krismasi alikuwa anatandika kanga yake hapo pembeni yake. Mtu akija kukaa anamwambia, hapa pana mtu. Kanisa limejaa, watu wamesimama mpaka nje, na yeye kaishikilia nafasi. Tulikuwa tunamgombeza."

Nikamuuliza mpaka lini. Akasema mpaka Krismasi yake ya mwisho, alipokuwa anasaidiwa kutembea.

Kabula, mama yangu alijua sitapokea. Alijua kuliko mtu yeyote, yeye ndiye aliyekuwa anavianika vile vitambaa. Hakuwa ananiwekea nafasi ili nikapokee. Alikuwa ananiwekea nafasi ya kukaa. Na mimi nilikuwa umbali wa kutembea kwa mguu, niko na sababu zangu nzuri. Nilirudi njia nzima nalia kwa sauti kama mtoto, watu wa mashambani wananisalimia sijibu.

Basi jibu langu ni kwamba nitakuja.

Nitakuja na itaniuma. Sitaki ujidanganye kwamba nimepona asubuhi moja. Wakisimama wote nitabaki nimekaa, na wewe ukiwa mbele usigeuke kunitafuta, utaharibu siku yako. Baadaye kwenye chakula cha sherehe ndipo nitafute. Nitakula mpaka masista wako waulize huyu mama ametoka kwenye njaa ya wapi.

Umeniambia kwamba huko kuna nyumba wanakotengeneza hosti, na kwamba wageni huanzia hapo. Unga wa ngano na maji, basi, hata chumvi hapana. Nilipokusikia nilitaka kubishana, nikakumbuka mchele wetu. Siku hizi sibishani. Wao wanachagua kisichobadilika ili mtu wa hapa Kasansa na mtu wa mbali wale kitu kile kile. Sisi tulichagua kilichokuwepo. Sijui nani amepatia, na nimechoka kujua. Wakikuweka kwenye ule moto wa kuoka hosti, fanya kazi yao kwa sheria yao bila kuongeza lako. Ila kwetu usipasahau wala usipacheke, maana wazee wale waliokunja sura kuonja rozela walikuwa hawachezi.

Na kwenye nyumba yenye wanawake wengi utaumizwa. Atakuwepo mmoja atakayekusema vibaya Kisukuma chako, au ulivyolelewa. Siku hiyo koo litakataa chakula na utajisikia una haki. Nenda ukakae mezani hata kama huli. Mimi sina jingine la kukufundisha, hilo moja nimelilipia.

Sasa nikwambie la mwisho kabla hamjamaliza kuimba. Nitakuwa mpweke. Sitasema sitakuwa. Baba yako yuko makaburini, kaka yako Shija yuko Ruvuma na ng'ombe na simu yake inapatikana akipanda mlima. Meza ya Bwana ijayo nitabeba kikapu mwenyewe, na nyumbani hakuna hata sufuria ya kupikia mtu mmoja, zote ni za watu wengi. Jioni ndizo ninazoziogopa. Lakini usirudi kwa sababu hiyo, umenisikia? Ukirudi, rudi kwa sababu nyingine. Upweke wa mama si wito wa mtoto.

Barua hii naiweka katikati ya shuka zako, utaikuta huko ukitandika kitanda. Kesho asubuhi sitasema haya, nitakugombeza tu kuhusu sweta, na wewe unijibu kama kawaida.

Siku yako ikifika waambie masista wenzako kuna mtu anakuja kutoka Kasansa. Waambie hatapokea, wasimshangae na wasimuulize. Na kama basi letu litachelewa, maana unalijua, na watu wakawa wameanza kujaa, mtume mtu atandike kanga pale nyuma, na anayetaka kukaa aambiwe hapa pana mtu.

Mimi mama yako.